Mkuu wa Mkoa wa Mwanza, majani makavu ya msituni yaachwe chini

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Pokea salamu zangu za heshima. Nakuandikia kumwombea kiumbe ambaye hata anayemkanyaga hamwoni. Ni jamaa wa nge na buibui, ana milimita chache tu, na makazi yake ni majani yanayooza chini ya miti, penye unyevu. Wataalamu huliita kundi lake skizomida. Macho hana. Miguu anayo minane, ila hutembelea sita. Ile miwili ya mbele, mirefu na myembamba, ni ya kupapasia njia. Mkia wake ni kijipande kifupi kisicho na mwiba wala sumu, na wakati wa kupandana jike huushika ule wa dume kwa taya zake, wakaenda hivyo wameongozana. Hula wadudu wadogo kuliko yeye. Binadamu hamdhuru.

Shida ni kwamba akitolewa kwenye unyevu hukauka upesi, na mabawa hana. Msitu ukishakatwa vipande, hawezi kuvuka shamba la pamba kufuata kipande kingine. Ndiyo maana aina nzima inaweza kuwa na makao mamoja tu duniani, na moto mmoja wa kiangazi ukaimaliza huku miti mikubwa ikibaki imesimama. Sisi tukipita na mtumbwi tunasema msitu upo salama!

Mwaka 2007 huko Australia Magharibi, mamlaka ya mazingira ilipendekeza mgodi wa chuma wa Mesa A ukataliwe kwa ajili ya viumbe wa kundi hili wanaoishi ardhini. Mgodi uliruhusiwa baadaye, lakini sehemu ya kilima ilitengwa isichimbwe. Nasi tunaoishi jirani na dhahabu ya Geita tunalo la kujifunza hapo.

Kwa hiyo naomba, Mheshimiwa, katika msitu wa hifadhi wa kisiwa cha Maisome na vichaka vya asili vilivyobaki kandokando ya ziwa, majani yasizolewe wala kuchomwa, hata kwa jina la usafi. Pili, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kabla ya miradi mikubwa. Tathmini hizo zisiishie kuhesabu miti na ndege. Majani ya chini nayo yachekechwe juu ya kitambaa cheupe, na kitakachopatikana kipelekwe kwa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakitambue.

Agizo la kukataza moto likitoka kabla ya Juni, litawahi kiangazi.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa baiolojia, Mwanza