Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Maji: kiangazi, mto upimwe kabla jua halijachomoza

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Wapimaji wako hufika mtoni saa nne asubuhi au baadaye, gari likishapata mafuta. Kiangazi, saa hiyo mto unadanganya. Maji ni kidogo na yametulia, jua linapenya hadi chini, na mwani ukipigwa na jua hutoa oksijeni kwa wingi. Usiku mwani huohuo huvuta oksijeni, ukisaidiwa na bakteria wanaokula maji taka, hivyo kiwango hushuka kabisa karibu na alfajiri. Samaki wanakufa gizani, ripoti ya mchana inasema mto ni mzima.

Tunaomba kila kituo kipimwe mara mbili kwa siku moja: saa kumi na moja alfajiri na saa tisa alasiri. Maji ya nyuzi 25 katika usawa wa bahari hubeba takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita. Mita ya oksijeni ikisoma 12 alasiri, msishangilie. Huo ni mwani uliozidi, na kabla ya mapambazuko mnaweza kukuta 2. Alasiri hiyohiyo pH, kipimo cha asidi na besi majini, nayo hupanda, na ikipanda, sehemu kubwa zaidi ya amonia hugeuka kuwa ile inayoua samaki.

Pili, namba ya uchafu bila kiasi cha maji haina maana. Chukua bomba linalomwaga lita 20 kwa sekunde, kila lita ikiwa na miligramu 60 za uchafu unaokula oksijeni. Mto ukiwa na lita 2,000 kwa sekunde, unaongezewa 0.6 tu kwa lita. Ukibaki na lita 100, ni 10. Bomba ni lilelile, mwenye kiwanda hajabadilisha kitu. Kama hakuna kifaa cha kupimia mkondo, kijiti kinatosha: kiachieni kielee mita 10, hesabuni sekunde, gawanyeni mita kwa sekunde mpate kasi, zidisheni kasi hiyo kwa 0.85 kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kisha kwa upana na kina cha wastani. Mto ukikatika ukawa madimbwi, andikeni "dimbwi". Majibu yake hayausemei mto.

Uchotaji nao una kasoro zake. Mchotaji akisimama upande maji yanakotoka, anatibua tope, na tope hilo linaingia kwenye chupa pamoja na bakteria waliolala humo. Asimame upande maji yanakokwenda, mdomo wa chupa uelekee mkondo, sentimita 20 hivi chini ya uso wa maji, mbali na ukingo. Chupa ya bakteria iwe imetakaswa, iachiwe nafasi ya hewa juu ili maabara waweze kuitikisa, ikae kwenye barafu gizani na ipimwe ndani ya saa sita. Zikipita 24, imwagwe. Ya oksijeni ni kinyume: ijae pomoni, kiputo kimoja tu kinaharibu kipimo.

Na chupa yoyote isiyoandikwa saa ya kuchotwa, maabara iikatae.