Mnyama wa kubuni naye hutawaliwa na baridi

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi waandishi wetu wa hadithi za kisayansi wasimvike manyoya tu mla nyasi wa sayari ya baridi, wakadhani kazi imekwisha. Mageuzi yake huanzia kwenye chakula: penye mwanga hafifu mimea hukua polepole mno, hivyo kundi lisilohama litamaliza malisho yake na kufa njaa, na baada ya vizazi vingi watasalia wenye miguu ya kustahimili safari na tumbo lenye vijidudu vya kuchachusha hata majani makavu. Mwili mkubwa hupoteza joto kidogo kwa kila kilo, kama alivyoeleza mwanabiolojia Mjerumani Carl Bergmann mwaka 1847, lakini hudai malisho mengi zaidi, na mvutano huo ndio kiini cha hadithi yenyewe.

Tazameni reinidia, mnyama wa jamii ya kulungu aishiye Aktiki, eneo la baridi kali la kaskazini mwa dunia. Mikunjo iliyo ndani ya pua yake huipasha joto hewa inayoingia, kisha hurudisha joto na unyevu kabla pumzi haijatoka. Hata utando ulio nyuma ya jicho hubadilika kutoka rangi ya dhahabu wakati wa kiangazi hadi buluu wakati wa baridi. Kiumbe wa kubuni anastahili uangalifu kama huo, tena tuelezwe anakula nini barafu inapofunika malisho.

Wasalaam,
Msomaji wenu