Kura za Birney hazikuwa mali ya Clay

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu vyama vidogo ilimmaliza James G. Birney, mgombea wa chama kidogo cha kupinga utumwa, kwa sentensi moja, kwamba "alimharibia" Henry Clay urais wa Marekani mwaka 1844. Kwenye makaratasi hesabu inakubali. Jimboni New York, James K. Polk, aliyeshinda urais, alimzidi Clay kwa kura 5,106, na Birney akaondoka na 15,812. Jimbo lilikuwa na kura 36 za wajumbe wanaomchagua rais, na zote zilikwenda kwa mshindi. Nchi nzima, Polk alishinda kwa kura za wajumbe 170 dhidi ya 105. Mpe Clay hizo 36, anapata 141, Polk anabaki na 134.

Lakini ili hayo yatokee, karibu mmoja kati ya kila watatu waliomchagua Birney alipaswa kumpigia Clay, naye Clay alikuwa na watumwa. Kuhusu kuiingiza Texas katika Marekani, barua zake za mwaka huo zilikuwa vuguvugu, si moto si baridi. Watu walioingia chama cha kupinga utumwa wangempigia kwa lipi?

Birney mwenyewe alitoka huko huko. Alizaliwa Kentucky mwaka 1792, akawa wakili, akakaa katika mabunge ya Kentucky na Alabama, akamiliki watumwa. Aliwaacha huru waliobaki mwaka 1834. Mwaka 1836 akahamishia gazeti lake la kupinga utumwa, The Philanthropist, Cincinnati, mji wa Ohio, jimbo lisilo na utumwa. Ukivuka mto uko Kentucky, kwenye utumwa. Ni Namanga hii na Namanga ile. Kundi la watu lilivamia kiwanda cha uchapaji usiku wa Julai 12, likarudi Julai 30, likatupa mtambo mtoni na kumwaga barabarani herufi za kuchapia, za madini ya risasi. Aliyewahi kupanga herufi kwa mkono anajua hasara hiyo: mtambo hununuliwa mwingine, ila herufi zilizochanganyika huokotwa na kutenganishwa moja moja. Gazeti liliendelea kutoka.

Mwaka 1837 alitozwa faini ya dola 50 kwa kumhifadhi Matilda, aliyetoroka utumwa. Mahakama Kuu ya Ohio ilifuta hukumu kwa sababu hati ya mashtaka haikusema kwamba alijua ni mtumwa. Kasoro ya uandishi tu, na Matilda alikwisharudishwa utumwani.

Mwaka 1840 Birney alipata kura kama 7,000 nchi nzima. 1844, zaidi ya 62,000. Hilo nalo makala yenu ililiruka.

Msomaji wenu,
Sakina, Arusha