Pedali za gitaa, Jumamosi

Wakuu mambo vipi, Jumamosi saa kumi jioni palepale Sinza, mwenye pedali (kile kiboksi cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gitaa) aje nayo. Naona wengi mnachanganya dilei na rivebu, dilei inarudia noti uliyopiga baada ya muda flani, rivebu inafanya gitaa lisikike liko kwenye ukumbi mkubwa, basi. Hesabu ya dilei ni 60,000 gawa kwa tempo (idadi ya biti kwa dakika), yaani wimbo wa tempo 120 unaweka milisekunde 500 na mwangwi unadondoka kwenye biti kabisa, hapo solo ya dansi inanoga sana jamani. Distosheni inakata vilele vya wimbi la sauti ndo maana inakwaruza, iwekeni kabla ya dilei, ukigeuza mwangwi wote unakuwa uji. Na sebene msiitie distosheni, inataka sauti safi na korasi kidogo tu, ile pedali inayofanya gitaa moja lisikike kama mawili!