Maziwa hayaoshi vumbi kifuani

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mdogo wangu anafanya kazi wanaposaga kokoto, na kila jioni wakitoka bosi anawagawia pakiti ya maziwa kila mtu, ati yaoshe vumbi kifuani. Wapiga rangi na watu wa mashine za unga huku mtaani nao wanaamini hivyohivyo. Mimi ni mwalimu wa baiolojia na hili jambo linaniuma sana.

Maziwa yanapita kwenye umio. Vumbi linapita njia nyingine kabisa, bomba la hewa, lililo mbele ya umio, na ukimeza chochote kuna kifuniko kinaziba lile bomba, sasa hayo maziwa yatakutana wapi na vumbi? Yakiingia huko utapaliwa tu.

Juzi nilinunua koo la mbuzi, yaani hilohilo bomba la hewa, buchani asubuhi likiwa bado la moto nikawapelekea vijana wa form five. Ukilipapasa kwa nje unasikia pete za gegedu, ngumu, ila kwa nyuma hazijafunga, zina umbo la herufi C, pale upande wa umio ni msuli laini tu ili tonge likishuka lipate nafasi. Tukakwangua utando wa ndani kidogo sana, tukauweka kwenye tone la maji ya chumvi chini ya hadubini. Jamani! Seli ndefu zimebanana, kila moja ina vinywele kama 200 juu yake, na vilikuwa bado vinapiga, vinayumba pamoja kama mpunga kwenye upepo, na mbuzi mwenyewe keshachinjwa. Katikati yake kuna seli zinazotoa ute. Vumbi linanasa kwenye ute, vinywele vinausukuma juu mpaka kooni, unautema au unaumeza bila hata kujua. Ufagio huo tumezaliwa nao.

Shida ni kwamba kule chini kabisa kwenye vifuko vya hewa hakuna vinywele, ukuta wake sehemu nyingi unene wake haufiki hata moja ya elfu ya milimita, na vumbi la mawe lile laini usiloliona kwa macho ndio linafika huko. Seli za ulinzi zinalimeza, zinakufa, mapafu yanaota makovu. Ndio silikosisi, haina dawa ya kuiponya, na TB inampata mtu kirahisi zaidi.

Kwa hiyo nyie wenye mashine, nunueni barakoa za kuchuja vumbi laini, sio kitambaa, na mawe yamwagiwe maji wakati wa kusaga. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inawataka mtoe vifaa vya kujikinga. Maziwa wapeni pia, ni chakula.

Mdogo wangu nimemwambia yote haya. Akanijibu, kaka, ukikataa maziwa unaonekana unaleta ujuaji, kesho huitwi kazini.

Mwalimu, Morogoro