Kwa vijana wa kidato cha kwanza mnaoingia klabu za mdahalo

Wanangu na wajukuu zangu wa skuli za Unguja na Pemba,

Assalamu alaykum. Nimesomesha sekondari katika visiwa hivi mpaka nikastaafu, na katika miaka hiyo nimesimamia klabu za mdahalo zaidi ya moja. Nawaandikia kwa sababu najua yanayotokea wiki za mwanzo: karatasi inabandikwa mlangoni, majina yanajaa, kila mmoja anataka kuwa msemaji wa kwanza, na mwezi haujaisha nusu yenu mmeshatoweka kwa kuwa hamkupangwa kwenye timu. Ninalotaka kuwaambia ni kwamba mwaka wa kwanza katika klabu ya mashindano ni mwaka wa kusikiliza, na kwamba anayekataa kuutumia hivyo hujikuta kidato cha tatu akirejea makosa yale yale, ila kwa sauti kubwa zaidi.

Najua neno hilo halipendezi, maana hata mimi nilipokuwa na umri wenu nilikuwa na haraka. Nilipangwa kuzungumza katika mada kongwe ambayo bila ya shaka mtakutana nayo, ya elimu na mali ipi bora, nikaunga mkono elimu, nikakariri kurasa nne nikizunguka uwanjani jioni baada ya jioni. Msichana wa upande wa pili aliyesimama kabla yangu alianza kwa kukubali. Alisema hana ugomvi na ubora wa elimu, ila anaomba kuambiwa daftari, sare na nauli ya kuifuata elimu hiyo hununuliwa kwa kitu gani. Nikasimama na kurasa zangu nne, nikawa namthibitishia kwa ukali jambo ambalo alikwisha kulikubali. Ukumbi ulianza kucheka kabla sijafika ukurasa wa pili, na mtunza muda, ambaye kengele yake ilikuwa imefunguliwa kutoka kwenye baiskeli, aliipiga mara mbili wakati bado naisifu elimu.

Baada ya hapo mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniita pembeni akanifungulia daftari lake. Ukurasa alikuwa ameukunja katikati kwa urefu. Upande wa kushoto aliandika maneno ya wapinzani, kila hoja mstari mmoja. Kulia, mkabala na kila hoja, jibu tulilolitoa sisi. Mkabala na hoja ya yule msichana palikuwa peupe. Akaweka kidole pale peupe, akasema, "Hapa ndipo tulipofungwa." Hakuongeza neno, na mimi sikuwa na la kujibu.

Ukurasa huo uliokunjwa ndio ninaowaachia. Msidhani ni ujanja wa zamani usio na kazi siku hizi. Mashindano ya dunia ya mdahalo wa skuli, yaliyoanza Australia mwaka 1988, na ambayo utaratibu wake umeigwa na klabu nyingi, huweka wasemaji watatu kila upande, kila mmoja dakika 8, kisha kila upande hutoa hotuba fupi ya majumuisho ya dakika 4. Katika alama 100 za hotuba kuu, 40 ni za hoja zenyewe, 40 ni za namna ya kuziwasilisha, na 20 ni za mkakati, yaani kujua lipi la kujibu, lini, na kwa muda gani. Baada ya dakika ya kwanza na kabla ya ile ya mwisho, mpinzani anaweza kusimama kukutupia swali. Msemaji wa tatu karibu kazi yake yote ni kujibu, na hotuba ya majumuisho hairuhusiwi kuleta hoja mpya kabisa. Sasa mwanangu, ikiwa hukusikiliza, katika dakika 4 hizo utasema nini? Tena baadhi ya mada hutolewa saa moja tu kabla ya mdahalo, na kwa saa moja hakuna kurasa nne za kukariri.

Tunapocheza bao hapa barazani kijana mgeni hapewi nafasi ya kukaa siku ya kwanza. Hukaa ubavuni akatazama. Mashimo ni 32 na kete ni 64, na wote wanaziona, lakini anayejua humtambui kwa wepesi wa mkono. Utamtambua kwa macho, kwa sababu kabla hajagusa shimo lake huwa amekwisha kuzihesabu za mwenzake. (Wapo pia watazamaji wanaopiga kelele za ushauri tangu mwanzo mpaka mwisho, hao hatuwapi kiti hata wakizeeka.)

Ukipewa kazi ya kutunza muda au kuandika kumbukumbu, basi, usione umetupwa. Hapa lazima niseme na kosa langu kama mwalimu. Kwa mwaka mzima nilimweka msichana mmoja mkimya kwenye meza ya kengele, nikachagua timu kwa kuwasikiliza wenye sauti. Tuliposhindwa katika mashindano ya mwisho wa mwaka, wasemaji wangu watatu walilalamikia majaji njia nzima ya kurudi. Yeye peke yake ndiye aliyefungua daftari akatueleza ni hoja ipi tuliyoiacha, ilianzia kwa msemaji yupi, na dakika zetu ziliishia wapi. Nilikuwa naye chumba kimoja mwaka mzima na sikumuuliza hata mara moja. Walimu wenzangu wanaosimamia klabu, hili ni lenu pia.

Kuhusu lugha nitasema machache. Mashindano mengi yatakuwa kwa Kiingereza, na wengi wenu mtashika sentensi za kigeni mkazikariri zikiwa nzima. Jengeni hoja kwa Kiswahili kwanza, mwelezeni bibi yenu nyumbani, na akielewa ndipo muihamishe. Na nyinyi wa Wete, Micheweni na kwengineko Pemba, mkichekwa kwa Kipemba chenu katika mdahalo wa Kiswahili, msibabaike. Kikao cha Mombasa cha mwaka 1928 kilichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Hakikuagiza Mpemba aone haya. Kamange na Sarahani walikuwa Wapemba, na mashairi yao bado yanasomwa.

Jambo la nyumbani nalo lisiachwe mpaka liharibike. Mazoezi ya klabu huangukia mchana au alasiri, wakati wengi wenu mnatakiwa chuoni kwa Qur'ani, na wasichana husubiriwa nyumbani kabla ya magharibi. Msidanganye. Mwambieni mzazi siku gani, saa ngapi na mwalimu gani anasimamia, na mwalimu wa chuo aambiwe mapema, si baada ya kukukosa mara tatu. Klabu moja inatosha. Aliyejiandikisha mdahalo, kwaya, mpira na klabu ya sayansi kwa pamoja sijamwona akimaliza hata moja, na mtihani wa kidato cha pili hauko mbali kama mnavyoudhani.

Anayetaka mazoezi bila ya kusubiri timu, afungue redio Baraza la Wawakilishi linapokaa Chukwani, akunje ukurasa, amfuate mjumbe mmoja anayeuliza na Waziri anayemjibu, na aandike kushoto na kulia mpaka wamalize. Mimi baada ya sala ya alasiri huwa barazani kwangu, hapa Wete, karibu na bao. Atakayepita na ukurasa wake nitausoma, na nitaanza na pale palipobaki peupe.

Wassalaam,
Maalim wenu mstaafu,
Wete, Pemba