Ziara ya Fort Jesus Jumamosi: saa imebadilika

Assalam aleikum na habari za jioni, ndugu zangu.

Tumeuwahisha muda. Tukutane langoni saa 2:00 asubuhi, si saa 4:00, kwa sababu jua la Mombasa halina huruma na tuna wazee wetu.

Tutaanzia mwaka 1589: Amir Ali Bey, nahodha wa Waturuki, amebanwa kisiwani, Wareno wakiwa baharini na Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini, ng'ambo ya bara. Alikamatwa, akapelekwa Ureno. Miaka minne baadaye, 1593, Wareno wakaanza kuijenga ngome hii kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Nawaomba sana mguse ukuta kwa mkono: ni jiwe la matumbawe, na alama za viumbe wa bahari bado zinaonekana. Mimi kila nikiligusa husisimka.

1. Mchango: shilingi 800 (kiingilio, chai na mahamri), kwa mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni.
2. Mwenye gari lenye nafasi atuambie. Wa Likoni wanahitaji usafiri.
3. Maji na kofia, kila mtu na vyake.

Tafadhali jibu "Nipo" au "Sitafika" leo kabla ya kulala, na idadi ya watoto unaokuja nao.